Nakaale wa Maabara na Mtoto wa Ijumaa Kuu

Wasikilizaji wapendwa, ejok. Ejok-nooi. Sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni apunguze kelele za sufuria kidogo, maana leo namzungumzia mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na mitatu bila kujipigia debe, na sitaki sufuria zimshinde sauti.

Mimi ni Lopeyok wenu, hapa Lodwar. Leo tunamkumbuka mama Nakaale Ewoi. Narudia kwa walioingia sasa hivi: Nakaale Ewoi, mtaalamu wa maabara katika hospitali moja ya mjini hapa. Ametutoka mwezi uliopita, akazikwa nyumbani kwa mume wake, Kalemng'orok. Alikuwa na miaka sitini na moja. Au sitini na mbili. Au hata sitini na tatu. Msinipigie simu kunisahihisha. Hilo ndilo jambo lenyewe, na tutalifikia.

Nakaale alizaliwa upande wa Kaikor, kwa watu wa mifugo. Mwaka gani? Kitambulisho chake kinasema tarehe moja Januari, 1965. Haya, nani kati yenu wenye mvi hakuzaliwa tarehe moja Januari? Inua mkono. Mimi mwenyewe Lopeyok nimezaliwa tarehe moja Januari. Kaka yangu, tarehe moja Januari. Jirani yangu na mke wake, wote wawili, tarehe moja Januari. Ukitusikiliza, utadhani kila Mwaka Mpya wanawake wa Turkana walikuwa wanapanga foleni kujifungua!

Mnajua ilivyokuwa. Mwalimu anauliza, mtoto umezaliwa lini? Mtoto anaangalia miguu yake. Mwalimu ana watoto arobaini wa kuandikisha na jua linachoma. Anaandika moja, moja, na mwaka wa kukisia. Khalas. Unatembea na tarehe hiyo hadi kaburini.

Nakaale alipelekwa shule na shangazi yake, akaandikwa hivyo hivyo. Mama yake mzazi alijua siku yenyewe. Mama gani asiyejua? Lakini Nakaale akaenda bweni, mitihani ikamshika, na siku moja shangazi akaja shuleni na habari kwamba mama hayupo tena. Mume wake, mwalimu Ekal, aliniambia hivi: "Lopeyok, huyu mwanamke hakuwa mtu wa kulialia. Lakini hilo lilimkaa rohoni. Alikuwa anasema, nilikaa na mama yangu miaka kumi na minne na sikuwahi kumuuliza nilizaliwa siku gani."

Basi akasoma, akaingia maabara, akabaki humo. Kama umewahi kupimwa malaria mjini hapa miaka ile, kuna uwezekano mkubwa damu yako ilipita chini ya jicho lake. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na alikuwa mkali kwa fomu. Fomu yenye doa la chai alikurudishia. Fomu isiyo na umri alikurudishia. Mwenzake wa maabara, Asekon, anasema madaktari wengine walikuwa wanajificha nyuma ya mlango wakimwona anakuja na karatasi mkononi. "Daktari," anauliza, "huyu mgonjwa wako hana umri? Amezaliwa au ameshushwa?"

Nawaambia haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekosea. Maana alikosea, wasikilizaji. Alikosea mara moja, mwaka wa 2024, na alitaka kosa hilo lisimuliwe. Alimwambia mume wake, nikifa, mwambieni Lopeyok asinipake rangi. Basi sipaki.

Ilikuwa hivi.

Mwezi wa nne mwaka huo waliingia kambi ya wakimbizi ya Kakuma watu watatu kutoka Sudan Kusini. Msichana mmoja wa Kidinka anaitwa Anyieth, mama yake anaitwa Adau, na mtoto mchanga anaitwa Manyang. Mume wa Anyieth alibaki nyuma, wakapoteana, hadi leo hawajaonana. Na huyo mtoto Manyang alizaliwa na uvimbe. Hapa chini kabisa, pale mgongo unapoishia, kwenye kile kifupa cha mwisho tunachokikalia. Kifandugu. Uvimbe wenyewe ulikuwa mkubwa kama chungwa. Mtoto hawezi kulazwa chali. Anyieth alivuka mpaka akiwa amemlaza kifudifudi juu ya mkono wake, njia nzima, hadi mkono ukafa ganzi.

Bahati ikawa upande wao. Mwisho wa mwezi huo walikuja Lodwar madaktari wa upasuaji kwa wiki moja. Wakamfanyia Manyang upasuaji, wakatoa uvimbe pamoja na kile kifupa. Uvimbe ukapelekwa kuchunguzwa. Majibu yakasema sehemu kubwa haina ubaya, lakini kuna mahali padogo panatia shaka. Kwa hiyo, mtoto afuatiliwe. Damu ipimwe, ipimwe tena, na tena, kwa miaka mitatu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kazi ya Nakaale. Mtoto akiwa tumboni, ini lake linatengeneza kitu fulani kwenye damu. Watu wa maabara wanakiita AFP. Kila mtoto huzaliwa nacho kingi mno, mgonjwa na mzima sawasawa. Kisha kinashuka, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, hadi akikaribia mwaka kinabaki kidogo tu. Na uvimbe wa kifandugu, ukiwa wa ile aina mbaya, nao unakitengeneza. Umeelewa? Kwa hiyo mtoto akishapasuliwa, tunataka namba ishuke. Ikishuka, tunashukuru Mungu. Ikipanda, au ikikataa kushuka, uvimbe umerudi.

Narudia. Mtoto mchanga ana namba kubwa, na hiyo si kosa. Kubwa kiasi gani? Inategemea ana umri gani. Bila umri, namba hiyo haikuambii chochote.

Tarehe kumi na saba Julai, Manyang akatolewa damu kule Kakuma. Chupa ikawekwa kwenye kikasha cha barafu, ikaletwa Lodwar na gari la hospitali. Asekon akaipima. Mashine ikasema themanini na nne. Asekon akaangalia fomu: kazaliwa tarehe moja Januari, 2024. Akahesabu, miezi sita na nusu. Akaangalia chati ya ukutani: mtoto wa miezi sita na nusu anatakiwa awe na kumi hivi, ishirini akizidi sana. Themanini na nne! Akapeleka karatasi kwa mama Nakaale atie sahihi.

Na Nakaale akatia sahihi.

Fomu ilikuwa safi. Haikuwa na doa la chai. Umri ulikuwepo. Mashine ilikuwa imehakikiwa asubuhi hiyo hiyo. Akapima mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe, ikatoka themanini na nne tena. Afanye nini? Akatia sahihi, akasikitika, akaenda nyumbani.

Daktari wa zamu, kijana mgeni katika kaunti yetu, alisoma karatasi na kufanya kazi yake kama alivyofundishwa. Akaandika barua. Mtoto asafirishwe Nairobi Jumatatu, aanzishiwe dawa za saratani. Mnazijua dawa hizo. Zinapambana na ugonjwa, lakini zinamchosha hata mtu mzima mwenye kilo themanini, sembuse mtoto mchanga. Halafu akapiga simu kliniki ya Kakuma, na kliniki ikamwita Anyieth, ikamwambia: uvimbe wa mtoto umerudi.

Jamani. Mwambie mama mwingine yeyote jambo lolote, lakini usimwambie hilo.

Ikafika Ijumaa, tarehe kumi na tisa. Nakaale ameketi ofisini, mbele yake ana karatasi nyingine kabisa. Karatasi za kustaafu. Maana mwisho wa mwaka ule serikali ilikuwa inamhesabia kwamba anatimiza sitini. Alikuwa amenuna. Asekon anakumbuka maneno yake yote.

"Asekon," akasema, "hawa watu wananifukuza kazi kwa siku ambayo sikuzaliwa."

"Kwani ulizaliwa lini, mama?"

"Ningejua ningekuwa nanung'unika hapa? Angalia. Moja, Januari. Mwalimu yule alikuwa na njaa, akaandika lolote, na sasa..."

Kalamu iko hewani. Asekon akadhani amepatwa na kiharusi.

"Asekon. Yule mtoto wa Kakuma. Kazaliwa lini?"

"Yupi?"

"Wa kifandugu! Wa themanini na nne! Lete fomu."

Ikaletwa. Moja, Januari, 2024.

Wasikilizaji, Nakaale alijua kusoma tarehe hiyo kuliko mtu yeyote. Aliibeba maisha yake yote. Na bado juzi yake ilimpita machoni kama gari la mtu asiyemjua. Akashika kichwa. Akasema kwa Kiturkana maneno ambayo Asekon amekataa kunitafsiria hapa redioni. Kisha akachukua simu, akapiga namba ya Anyieth iliyoandikwa kwenye fomu. Haipatikani. Akapiga kliniki. Simu inaita tu. Akatoka nje, gari la vikasha vya barafu lilikuwa linawasha injini kurudi Kakuma. Akapanda mbele na viatu vya maabara mguuni. Karatasi za kustaafu akaziacha mezani, feni inazipeperusha.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma siku hizi si mbali, barabara ni ya lami, saa mbili tu. Lakini mume wake anasema Nakaale alimsimulia kwamba hakuna safari ndefu aliyowahi kusafiri kama hiyo. "Nilikuwa naogopa mambo mawili, Ekal. Naogopa kwamba nimekosea, na nimeshamuua mama yule kwa huzuni. Na naogopa kwamba sijakosea."

Mnaona? Maana ingewezekana kabisa kwamba tarehe ni ya kweli. Wako watoto wanaozaliwa tarehe moja Januari, jamani, siku hiyo haijafungwa. Na kama ni ya kweli, uvimbe umerudi, na safari yote hiyo ni ya mwanamke mmoja anayekataa kukubali.

Alimkuta Anyieth Kakuma Mbili kule kambini, nje ya nyumba, amekaa kwenye jerikeni. Manyang yuko kifudifudi mapajani mwake. Kidonda kilikuwa kimepona, mtoto anaweza kulazwa chali kama wenzake, lakini tangu simu ile ya jana Anyieth alikuwa amerudia kumlaza kifudifudi. Pembeni kuna furushi limefungwa, tayari kwa Jumatatu. Mama yake, Adau, ameketi mlangoni, ameinamisha uso.

"Ejok," Nakaale akasema.

Anyieth akamwangalia yule mwanamke mfupi mwenye koti jeupe. "Umekuja kutoa damu ingine? Damu ya hii mtoto imeisha. Nyinyi watu ya damu mnamaliza yeye."

"Sitaki damu, mama Manyang. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Huyu mtoto alizaliwa siku gani?"

"Kadi ya kambi iko. Soma."

"Kadi nimesoma. Mimi ndiye nilisoma vibaya. Sasa nakuuliza wewe."

Anyieth aliniambia hivi wiki iliyopita, hapa hapa studioni, na sitasahau. Alisema: "Lopeyok, tangu mpakani mpaka Kakuma, tangu Kakuma mpaka Lodwar, watu wote walisoma kadi. Hakuna mtu aliuliza mimi. Huyu mama alikuwa wa kwanza. Mimi nikaanza kulia kabla sijajibu."

Akalia, na mama yake Adau ndiye aliyejibu. Hakujua Kiswahili kingi. Akasema neno moja: "Msalaba." Kisha akanyoosha mikono huku na huku, kuonyesha.

Anyieth akapangusa uso, akaeleza. Walikuwa njiani, karibu na Kapoeta, bado Sudan Kusini. Uchungu ukamshika barabarani. Na siku hiyo, barabara hiyo hiyo, watu wa kanisa walikuwa wanapita na msalaba mkubwa wa mbao, wanaimba, wanasimama, wanapiga magoti, wanasonga mbele. Wanawake wakatoka kwenye msafara, wakamzunguka, wakamzibia kwa kanga zao. Msalaba ukalazwa kando ya njia, ukasubiri. Manyang akazaliwa hapo. Wakamfunika, wakaona uvimbe, halafu wakaendelea kuimba.

"Ijumaa Kuu," Nakaale akasema.

"Ijumaa Kuu."

"Ya mwaka huu?"

Anyieth akamkazia macho. "Kwani mtoto anakaa aje? Anakaa kama wa mwaka jana?"

Nakaale akatoa simu, akatafuta kalenda. Miwani ameisahau Lodwar, akampa Anyieth amsomee. Ijumaa Kuu ya 2024: tarehe ishirini na tisa Machi. Si moja Januari. Ishirini na tisa Machi! Narudia kwa wale wanaohesabu kwa vidole, kama Nakaale alivyohesabu pale pale mchangani. Kutoka ishirini na tisa Machi hadi siku ya kutolewa damu, siku mia moja na kumi. Miezi mitatu na nusu na ushee. Si miezi sita na nusu. Na mtoto wa umri huo, wasikilizaji, akiwa na themanini na nne, hajavuka mpaka wake.

"Lakini kwa nini waliandika Januari?" Nakaale akauliza.

Hapo ndipo Anyieth akatoa kadi zote tatu. Siku ya kuandikishwa kambini, yeye alikuwa amelala na homa. Mtu mmoja waliyesafiri naye ndiye aliyejibu kwa niaba yao, na hakujua lolote. Kadi ya Adau: moja Januari. Kadi ya Anyieth: moja Januari. Kadi ya Manyang: moja Januari. Nyanya, mama na mjukuu, wote siku moja! Nakaale akazishika zile kadi tatu, akacheka hadi akakaa chini. Anyieth naye akamwangalia, hajui acheke au aite majirani. Kisha Nakaale akafungua pochi, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya zile tatu.

Adau akakitazama. Hakujua kusoma, lakini zile namba moja zilizopangana alizijua kwa umbo. Akapiga makofi mara moja, akacheka kwa sauti ya msichana.

Lakini msidhani mambo yaliishia kwenye kicheko. Nakaale hakuwa mtu wa kugawa matumaini asiyo nayo. Akamwambia Anyieth ukweli. "Sikiza, mwanangu. Sijasema amepona. Nimesema tumesoma vibaya. Namba hii ni ya kawaida kwa mtoto wa umri wake, lakini lazima tuone inashuka. Wiki mbili. Tutapima tena. Ikishuka, tunapumua. Isiposhuka, unaenda Nairobi, na mimi nitakusindikiza."

Akampigia daktari. Daktari akashikilia lake, na simlaumu. "Mama Nakaale, namba ni namba."

"Namba ni ile ile, daktari. Mtoto ndiye si yule uliyeandikia barua. Wako ana miezi sita. Huyu ana mitatu na nusu. Mpigie aliyempasua."

Daktari akampigia yule mpasuaji aliyekuja Aprili. Yule bwana akashangaa. Akasema, mtoto niliyempasua mimi hakuwa amefikisha hata mwezi, nani amesema alikuwa na miezi minne? Basi. Barua ikasimamishwa. Mtoto akapapaswa, akapigwa picha ya mgongo, hakuna uvimbe ulioonekana. Ikabaki damu. Wiki mbili.

Wiki mbili ni siku kumi na nne. Ukiwa unangoja mvua, si nyingi. Anyieth anasema hakumbuki alikula nini. Nakaale naye, mume wake anasema, alianza kugombana na kila mtu nyumbani, hadi mbuzi wakawa wanampisha njia. Alikuwa amekubali kosa lake mbele ya wakubwa wa hospitali, kwa maandishi, ingawa hakuna aliyemwomba. Aliandika: nilitia sahihi bila kuuliza.

Tarehe thelathini na moja Julai, chupa ikaja. Asekon akataka kuipima. "Kaa kando," akaambiwa. Nakaale akaiweka kwenye mashine mwenyewe. Kwenye fomu safari hii kuna tarehe iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, kwa mkono wake: 29 Machi 2024, kwa maneno ya mama mzazi. Akasimama mbele ya mashine na mikono nyuma. Asekon anasema hakuwahi kumwona akisali kazini, lakini siku hiyo midomo ilikuwa inacheza.

Hamsini na moja.

Kutoka themanini na nne hadi hamsini na moja. Imeshuka! Wasikilizaji wapendwa, imeshuka.

Nakaale akakaa sakafuni. Pale pale, kwenye vigae vya maabara, mwanamke aliyekuwa anafukuza watu kwa kuingia na viatu vichafu. Akashusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa koti, akaomba simu. Anyieth alikuwa amepata laini mpya. Akapokea mlio wa kwanza.

"Mama Manyang. Imeshuka."

Nakaale akabana simu sikioni.

"Anyieth? Umesikia? Nimesema imeshuka."

Simu ikapasuka kwa kigelegele. Kisha kigelegele cha pili, cha Adau. Kisha cha jirani, na cha jirani wa jirani, ambao hata hawakujua ni nini kimeshuka. Asekon anasema alisikia vizuri akiwa upande wa pili wa chumba.

Toka hapo hawakusalimiana tena kama watu wengine. Kila baada ya kipimo, Anyieth anapiga simu. Hasemi habari, hasemi ejok. "Imeshuka?" "Imeshuka." Ishirini na nne. Kumi na moja. Saba. Mtoto alipofikisha mwaka, sita. Na imekaa hapo hapo, kama ya mtoto yeyote wa Lodwar, wa Kainuk, wa popote. Amebakiza vipimo vya mwaka mmoja tu.

Na Nakaale? Alistaafu ile tarehe moja Januari, tarehe yake ya uongo, akiwa amenuna hadi siku ya mwisho. Lakini kabla hajaondoka alikuwa ameshabadilisha jambo moja pale maabara. Damu ya mtoto yeyote mwenye tarehe moja Januari haipimwi hadi mtu amuulize mama. Si kusoma kadi. Kumuuliza mama. Asekon anasema mwaka wa kwanza pekee walipata watoto kadhaa ambao umri wao haukuwa ule wa kwenye karatasi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la kufurahisha. Ijumaa Kuu ya mwaka uliofuata, Adau alimwita Nakaale Kakuma. Akamwambia kupitia kwa binti yake: wewe mtoto asiye na siku, sisi tunayo, tutagawana. Kuanzia leo umezaliwa siku ya msalaba pamoja na Manyang. Nakaale alikubali. Ila kwa kuwa ni siku ya kufunga, hakukuwa na nyama wala keki, ni chai ya rangi tu. Alirudi Kalemng'orok akimlalamikia mume wake: "Ekal, nimengoja sherehe ya kuzaliwa maisha yangu yote, na nimepewa chai ya rangi!" Mwalimu anasema hajawahi kumwona na furaha kama hiyo. Mwaka huu akaenda tena, akanywa tena chai yake. Wiki chache baadaye moyo ukasimama akiwa usingizini, bila maumivu. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Nilikwenda mazishini. Fundi wa msalaba alimuuliza mwalimu Ekal, niandike kazaliwa lini? Mwalimu akawaza. Akasema, kitambulisho kinasema moja Januari, lakini nikiandika hivyo atafufuka anigombeze. Wakaandika hivi, nimenakili: Nakaale Ewoi. Alizaliwa siku aliyoijua mama yake.

Anyieth alikuwepo na Adau. Na yule Manyang, miaka miwili na miezi yake, alikuwa anakimbia huku na huku kati ya miguu ya watu. Pale mchungaji alipoanza kuomba, mtoto akachoka. Akajitupa chini mchangani, pwaa, kwa makalio yake mwenyewe, akakaa. Akachukua kijiwe, akaanza kuchora, hana hili wala lile. Mwalimu Ekal alimwangalia mtoto yule alivyokaa, akatabasamu mbele ya kaburi la mke wake. Nikaona, na mimi nikatabasamu.

Mwalimu Ekal, watoto wenu, ukoo wote wa Ewoi kule Kaikor, na wenzake wote wa maabara: poleni sana. Redio hii inalia nanyi. Mungu amlaze Nakaale mahali pema, kisha amwonyeshe mama yake, maana ana swali la kumuuliza.

Na wewe unayenisikiliza. Daktari, karani, mwalimu, mtu wa kuandikisha watu chini ya hema: aliye mbele yako ana mdomo, muulize. Na wewe mwingine, kama mama yako yuko hai, zima redio sasa hivi. Ndiyo, mimi Lopeyok nimesema uzime. Nenda kwake. Mkute anachambua maharagwe, mkute amelala, mwamshe. Muulize, mama, nilizaliwa siku gani? Kulikuwa na mvua? Nani alikuwepo? Mimi wangu hayupo, sikumuuliza. Nenda, na akishakuambia, andika.